Je, Wajua? Simiyu Ingekuwa Nchi, Ingeipita Timor-Leste

Vitabu vya jiografia vya shuleni vilikuwa na wimbo mmoja kwa kila nchi ya mbali: ukubwa wa eneo, idadi ya watu, mito, mazao, mila, kengele ikagonga. Tukazikariri Thailand, Vietnam na Indonesia hadi zikatukaa kichwani. Lakini muulize mtu mto ulioupa mkoa wake jina unamwaga maji wapi, uone anavyojikuna kisogo. Safari hii wimbo ni uleule, ila nchi imebadilika. Tumeuchukua mkoa wa Simiyu, kuanzia Lingeka hadi Lamadi, kutoka kwenye majaluba ya mpunga hadi kwa nyumbu, tukauweka kwenye mizani ileile inayopima nchi za Kusini Mashariki mwa Asia. Matokeo yatakushangaza.

Mkoa unaoizidi nchi

Simiyu ni mkubwa kuliko Timor-Leste, kwa eneo na kwa watu. Mkoa una kilomita za mraba zipatazo 25,000, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Timor-Leste ina kilomita za mraba zipatazo 15,000, na sensa yake ya mwaka huohuo ilipata watu milioni 1.3 hivi. Brunei, ile nchi ya sultani na visima vya mafuta, ingeingia Simiyu mara nne na chenji ikabaki. Singapore ingeingia zaidi ya mara thelathini. Hapa jirani, Rwanda inatuzidi kiduchu tu kwa eneo.

Mtoto wa 2012

Mkoa huu ni mdogo kiumri kuliko watu wengi wanaousoma ukurasa huu. Ulizaliwa Machi 2012 pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikamegwa Mwanza, na Itilima ikachipuka kutoka Bariadi. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo leo yuko sekondari, lakini mkoa wenyewe umekua haraka kuliko yeye: kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 uliongeza watu zaidi ya nusu milioni.

Mvua moja, safari mbili

Matone mawili yaliyodondoka katika mkoa huu siku moja yanaweza kuagana milele. La kwanza linaingia Mto Simiyu, linafika Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, kisha linaweza kushika Mto Nile na kutokea Misri, kwenye Bahari ya Mediterania, maelfu ya kilomita kutoka hapa. La pili, lililoangukia kusini mwa Meatu, linaelekea Mto Sibiti na kuishia Ziwa Eyasi, ambako hakuna mlango wa kutokea. Jua linalinywa, chumvi inabaki. Mmoja kasafiri dunia, mwenzake kaishia kwenye chungu cha chumvi, na wote ni wa mama mmoja.

Stanley aliuona Nile Usukumani

Mwaka 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley aliufuata Mto Simiyu akiamini kwamba ameshika mkia wa Nile, yaani chanzo chake cha kusini kabisa. Wapagazi wake walikuwa wamebeba mashua iliyokatwa vipande, *Lady Alice*, kutoka pwani. Walipofika ziwani mwishoni mwa Februari waliiunganisha, na mwezi uliofuata akaanza kulizunguka Ziwa Victoria. Siku hizi vyanzo vya mbali vya Nile vinatafutwa upande wa Mto Kagera, Rwanda na Burundi, lakini kwa muda Simiyu ulikuwa umeshika taji.

Kamusi ya udongo

Mkulima wa Kisukuma anaweza kukusomea shamba kama ukurasa, kutoka kilimani hadi bondeni, kila tabaka kwa jina lake. Juu kwenye mawe ni *lugulu*. Ukishuka unakuta *luseni*, kichanga cha karanga na viazi. Chini zaidi kuna *itogolo*, udongo mgumu unaozuia maji, halafu *mbuga*, ule mweusi unaong'ang'ania viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi. Wenye chokaa unaitwa *ibushi*. Mwaka 1935 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani mkoani Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la Kilatini, *catena*, maana yake mnyororo. Dunia ya wataalamu inalitumia mpaka leo. Bibi zetu walikuwa wameshaugawa mnyororo huo pingili kwa pingili.

Jangwa lililorudishwa na nyasi

Eneo ambalo Mwalimu Nyerere aliliita jangwa la Tanzania lilifufuliwa kwa mbinu ya wazee. Miti ilikuwa imefyekwa ovyo tangu enzi za ukoloni, mara ili kuwafukuza mbung'o, mara ili kupata mashamba ya pamba. Mwaka 1986 mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza katika Shinyanga ya zamani, iliyojumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Badala ya kuleta maajabu kutoka nje, uliwarudisha watu kwenye *ngitili*: kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, ng'ombe wanapobaki mbavu. Mwanzoni ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi. Baadaye zilipita hekta 300,000, yaani kila hekta moja ilizaa nyingine mia tano.

Mpunga penye mvua ya kuhesabu

Singapore hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sehemu kubwa ya Simiyu hupata kati ya 600 na 900 tu, na bado tunalima mpunga! Siri ni *majaluba*: vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ya udongo, vinavyoyakamata maji yanayoteremka na kuyafungia ndani. Ukipita wakati wa mvua utadhani mtu ametandaza vioo bondeni. Mkulima wa Java, Indonesia, akishuka hapa hatahitaji mkalimani: atavua viatu, atakunja suruali, ataingia.

Kuku wako ana asili ya Thailand

Yule jogoo anayekuamsha Bariadi kabla ya adhana ametokana na ndege wa msituni wa Kusini Mashariki mwa Asia. Utafiti uliotoka 2022 uliitaja Ban Non Wat, katikati ya Thailand, kuwa mahali penye mifupa ya kuku wa kufugwa ya zamani kuliko mingine inayojulikana, ya miaka zaidi ya 3,200 iliyopita. Watafiti wanaona kwamba nafaka ndiyo iliyomvuta ndege huyo kutoka porini: watu walilima mpunga, naye akaja kudonoa punje na hakuondoka tena. Basi ukimwona mtetea akiparua pembeni ya jaluba, usimfukuze kwa hasira. Anarudia tendo lililompa makazi kwa binadamu.

Leba ya nyumbu

Kwa wiki chache kila mwanzo wa mwaka, kusini mwa Serengeti na hadi ndani ya Pori la Akiba Maswa, huzaliwa ndama wa nyumbu kwa malaki. Kundi zima lina nyumbu zaidi ya milioni moja, na majike huzaa karibu kwa pamoja ili fisi na simba washibe kabla ya kuwamaliza. Ndama husimama ndani ya dakika chache, na muda mfupi baadaye anakimbia na mama yake. Wanafuata majani mafupi mabichi, na jina la pori nalo linasema ukweli: *maswa* kwa Kisukuma ni nyasi.

Ndege anayejua lugha ya kwenu

Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Meatu upande wa Ziwa Eyasi, hushirikiana na ndege wa porini kutafuta asali. Wanampigia mluzi, naye anaruka mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Watu wanachukua asali, ndege anabaki na nta. Utafiti uliochapishwa 2023 uligundua jambo tamu zaidi: ndege wa Uhadzabeni waliitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Wayao wa Msumbiji, na wale wa Msumbiji walifanya kinyume chake. Ndege ni wa aina ileile, lakini kila mmoja amejifunza salamu ya kwao.

Msukuma ni mtu wa kaskazini

Jina la kabila lenye watu wengi kuliko yote Tanzania lilianza kama dira. *Sukuma* ni kaskazini, *dakama* ni kusini, *kiya* ni mashariki na *ng'weli* ni magharibi. Wanyamwezi waliwaita jirani zao wa upande wa juu Basukuma, watu wa kaskazini, na jina likaganda. Basi ukiwa Bariadi na mtu akakwambia "Mwangaluka", usibabaike. Amekutakia asubuhi njema mtu wa kaskazini mwenzako. Akikupa kitu, mwambie "wabeja", umemaliza deni.

Simba na Yanga ya ngoma

Kabla ya mpira, Usukuma ulikuwa umeshagawanyika pande mbili: Bagika na Bagalu. Hadithi inawataja waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali, na wafuasi wao wakaendeleza ubishi kwa kucheza. Mavuno yakiisha, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika viwanja vilivyo jirani. Hakuna refa wala kadi nyekundu. Mashabiki ndio kura: penye umati mkubwa pana ushindi. Kwa hiyo wachezaji huja na kila mbinu ya kuteka macho, kuanzia majembe yanayorushwa na kudakwa katika Bugobogobo hadi chatu anayezungushwa shingoni na Bayeye, chama cha wakamata nyoka. Ukitaka kuona vifaa vyao bila kugombea nafasi, nenda makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada.

Kijiji kinachogeuka jiji usiku

Wapo Watanzania wasiojua Bariadi iko wapi lakini Gambosi wanaijua. Simulizi zilizoenea nchi nzima zinakifanya kijiji hicho cha Bariadi kuwa makao makuu ya wachawi. Eti usiku kinawaka taa kama New York, na wageni wanatua kwa ungo. Waandishi wa habari waliofunga safari kwenda kuthibitisha walikuta mashamba, ng'ombe, watoto wa shule na vumbi. Hata hivyo ni kijiji gani kingine kinatajwa pwani na bara bila kulipia tangazo hata moja?

Biskuti za kiangazi

Miaka mingi kabla ya friji, wanawake wa Kisukuma walikuwa na viazi vitamu vya kula mwaka mzima. Viazi vibichi hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mawe: hiyo ni *michembe*. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, vinakuwa *matobolwa*. Weka tobolwa moja mdomoni. Mwanzo ni gumu kama ngozi ya ngoma, unaligeuza upande huu na ule, kisha taratibu linalainika na sukari inaanza kutoka. Anayechunga ng'ombe anatia mfukoni konzi moja na siku inakwisha. Jua linafanya kazi ya friji, na halileti bili.

Nusu ya pamba ya nchi

Misimu mingi, karibu nusu ya pamba yote ya Tanzania, na mara nyingine zaidi ya nusu, hutoka mkoa huu mmoja. Mbegu huanza kutupwa ardhini kuanzia katikati ya Novemba, na mzani wa kununulia hufunguliwa karibu na Mei. Pamba ikifaulu, utaiona kwenye mabati mapya, kwenye baiskeli na kwenye harusi. Ikishuka bei, hata muuza chapati wa stendi anajua. Ndiyo maana inaitwa dhahabu nyeupe, ila dhahabu hii inaogopa mvua ya kuchelewa.

Unaishika seli moja kwa vidole

Chukua kitumba kilichopasuka, chomoa fumba moja la pamba, ulivute taratibu mbele ya jua. Utaona unyuzi mwembamba wa sentimita mbili na nusu hadi tatu ukining'inia. Unyuzi huo mzima ni seli moja tu, iliyoota kutoka kwenye ganda la mbegu na kurefuka mara zaidi ya elfu moja ya unene wake. Mbegu moja hubeba nyuzi zaidi ya 10,000. Seli nyingi za mwili wako zinahitaji hadubini. Hii unaivalia shati.

Theluthi kwenda kiwandani, mbili kubaki

Kilo tatu za pamba anazopeleka mkulima kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huwa na karibu kilo moja tu ya nyuzi. Nyingine karibu zote ni mbegu. Lakini hakuna kinachotupwa: mbegu zinakamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu yanayobaki wanapewa ng'ombe. Kuna zaidi: noti nyingi duniani zimetengenezwa kwa pamba badala ya karatasi ya miti, ndiyo maana zinavumilia kusahauliwa mfukoni siku ya kufua. Vietnam, mmoja wa wanunuzi wakubwa kabisa wa pamba duniani, wameamua kutumia plastiki kwa noti zao kubwa.

Vilima vyenye undugu na Indonesia

Chini ya vilima vya Dutwa na Ngasamo, mpakani mwa Bariadi na Busega, kuna nikeli ya aina ileile inayochimbwa Indonesia. Aina hii hutokea mwamba unapolowa, kuoza na kuchujwa na mvua kwa muda mrefu kupita kiasi, hadi madini yakajikusanya kwenye udongo mwekundu wa juu. Indonesia peke yake hutoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia nzima. Nikeli huchanganywa kwenye chuma cha pua cha sufuria zisizoshika kutu, na ndiyo inayotia nguvu kwenye betri nyingi za magari ya umeme. Jembe linalogonga kilima cha Dutwa linagonga mlango wa biashara kubwa.

Chaki ya Maswa, maziwa ya Meatu

Thailand ilianza mwaka 2001 kuzihimiza tarafa zake zichague bidhaa moja moja na kuzitangaza, wazo lililotoka mkoa wa Oita, Japani. Simiyu nao wakacheza ngoma hiyohiyo kwa mdundo wao: wilaya moja, bidhaa moja. Maswa ikatoka na chaki, Meatu ikatoka na maziwa ya pakiti. Wazo la chaki ni zuri kwa urahisi wake: madarasa mengi nchini yanaitumia, na kila siku inaisha. Mwalimu anapoandika tarehe ubaoni, mauzo ya kesho yameshaanza kudondoka chini kama unga.

Miaka mitatu ya Nyakabindi

Mwaka 2018, 2019 na 2020, sherehe za kitaifa za Nanenane zilifanyika Nyakabindi, Bariadi, miaka mitatu mfululizo. Kwa mkoa uliokuwa haujatimiza miaka kumi, hilo ni sawa na timu iliyopanda daraja msimu uliopita kupewa fainali uwanjani kwake. Nyumba za wageni zilijaa, na watu waliolima pamba maisha yao yote wakajikuta wao ndio wenyeji wa taifa.

Robota linatoka, belo linarudi

Shati unalonunua mnadani Bariadi linaweza kuwa lilizaliwa jirani na shamba lako. Nchi nzima, sehemu kubwa ya pamba yetu hufungwa marobota na kupanda meli kuelekea nchi za Asia, zikiwemo Vietnam, Indonesia na Bangladesh. Huko inasokotwa, inafumwa na kushonwa. Shati linakwenda kuuzwa Ulaya au Marekani, linavaliwa misimu miwili, linachokwa, linatiwa kwenye belo la mitumba na kupanda meli tena. Siku moja muuzaji analikung'uta juu ya turubai, anapaza sauti "Chagua, chagua, elfu mbili!", na mkulima analigeuza kola kuangalia kama halijachakaa. Asia ilitupa kuku, naye hakutoka tena uani. Sisi tuliipa pamba, na inarudi kila Jumamosi, ikiwa na vifungo.